Ubeti Usiokuwemo Kwenye Nakala

Sajini Ng'washi Amoni alikuwa askari pekee wa Bariadi aliyewahi kusomea kompyuta. Alisoma wiki mbili tu, huko Moshi, akarudi na cheti chenye muhuri wa bluu. Tangu siku hiyo kila kesi yenye waya ilitua mezani kwake, hata ile ya pasi iliyounguza suruali ya mwalimu. Kwa hiyo Ijumaa hiyo ya Julai, mwaka 2004, mkuu wake hakuhangaika kumtafuta mtu mwingine.

"Wameiba wimbo," alimwambia, akimsogezea karatasi ya malalamiko. "Nenda ukaukamate kabla haujaimbwa."

Studio ya Novatus ilikuwa kwenye barabara iendayo kiwanda cha kuchambua pamba. Novatus alikuwa karani wa ghala la ushirika enzi zile pamba ilipokuwa na mnunuzi mmoja. Soko lilipofunguliwa, kampuni binafsi zikaja mbio kama nzi kwenye maziwa, na yeye akaona jambo ambalo wenzake hawakuliona: kila kampuni ilitaka tangazo, na kila tangazo lilitaka sauti. Akabandika trei za mayai ukutani zimeze mwangwi, akanunua kompyuta tatu zilizotumika, akaziunganisha kwa waya na kompyuta kubwa iliyokaa chumba cha nyuma. Hiyo kubwa waliiita seva. Kazi zote zilihifadhiwa humo, kila mteja na folda yake. Mlangoni aliandika kwa rangi nyekundu: WIMBO WA MTU HAUTOKI HUMU.

Sasa ulikuwa umetoka.

Ng'washi aliwakuta watu wanne, na kila mmoja alikuwa ameangalia upande wake. Novatus alikuwa amesimama, jasho limemtoka. Nyanjige, dada wa mapokezi, alikuwa ameshika tama. Dastan, fundi wa mitambo, kijana mrefu wa miaka ishirini na sita, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake mwenyewe, ile aliyoinunua kwa akiba yake na kuiweka pale kazini. Na kwenye benchi, fimbo ikiwa katikati ya magoti, alikaa Mzee Shigela wa Nkoma, ningi wa Wagika, mtunzi ambaye watu wa Itilima walisema angeweza kumsifu punda hadi punda akaomba posho.

Ng'washi alipiga goti kidogo, kama alivyofunzwa kwao Binza. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanawane," mzee alijibu, kama anayemjibu mwanawe. Kisha akafungua kifurushi cha ugoro kilichofungwa kwa ganda kavu la mgomba, akavuta, akapiga chafya iliyotikisa trei za mayai.

Novatus alieleza yote kwa pumzi moja. Kesho Jumamosi Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wangepambana uwanjani, ngoma mbili kwa wakati mmoja, na watazamaji wangekimbilia upande unaowapendeza. Atakayebaki na vumbi tupu ndiye aliyeshindwa. Ndiyo maana wimbo mpya hufichwa kama mahari ya binti wa chifu. Mzee Shigela aliurekodi Jumanne, kaseti zitoke baada ya mashindano. Lakini jana Alhamisi, saa kumi jioni, Marcelo, ningi wa Wagalu, alisikika akiuimba stesheni ya Malampaka mbele ya abiria wote. Habari zilifika Bariadi na basi la mwisho. Alfajiri Novatus akapekua kompyuta zote, akaukuta wimbo kwenye ya Dastan.

"Na Dastan ukoo wao ni Wagalu," alimalizia, kana kwamba ametaja ugonjwa.

Mzee Shigela alikohoa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Jumapili ng'ombe wa Dastan walikuwa waje kwake Nkoma, kwa ajili ya binti yake Elina. Lakini mwizi wa wimbo hawezi kuwa mkwe wa mwenye wimbo. Jambo hilo lisiposafishwa kabla ya ngoma ya kesho kupigwa, ng'ombe wabaki malishoni kwao.

Dastan hakuinua kichwa.

Ng'washi alivuta kiti, akafungua daftari. "Uliuchukua?"

"Niliukopi, afande. Jumatano jioni. Si huo tu. Niliuchukua na mia mbili na kumi na nne nyingine."

Novatus alishika kichwa. Ng'washi alimwomba akishikilie hivyo hivyo, kisha akamwambia Dastan aendelee. Kijana alieleza kwamba diski ya seva ilikuwa ikigonga tangu Jumatatu, ko-ko-ko, kama kuku anayedonoa bati. Diski ikigonga hivyo inaaga. Alimwambia bosi, na bosi akakubali kununua mpya. Hiyo Alhamisi alfajiri alimtuma Mwanza kuifuata, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi nayo leo kwa basi la kwanza. Lakini Dastan aliogopa ya zamani isingefika Alhamisi. Kwa hiyo Jumatano, wenzake walipofunga, alivuta folda zote kupitia waya, akaziweka kwake zikae salama.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Kuna maandishi mlangoni, afande."

Nyanjige alicheka, akajiziba mdomo haraka. Kicheko hicho kilimponza. Novatus alikumbuka kwamba alfajiri alikuta disketi kwenye droo ya Nyanjige, akaichomoa mfukoni kama mchawi anayetoa hirizi. Hii hapa, alisema. Dastan alitoa wimbo, dada akaupeleka.

Ng'washi aliipokea, akaigeuza, akauliza wimbo ule una ukubwa gani. Dastan alisema megabaiti arobaini na kitu.

"Na disketi hii inabeba moja na nusu, haijai," alisema Ng'washi. "Bwana Novatus, huyu dada angehitaji disketi karibu thelathini. Unataka kumimina debe ndani ya kikombe cha kahawa."

Aliifungua hata hivyo, maana utaratibu ni utaratibu. Ndani mlikuwa na barua moja ya Nyanjige kwa kampuni ya pamba akiomba kazi yenye bosi mpole. Ng'washi aliifunga bila kuisoma kwa sauti, akairudisha kwa mwenyewe. Nyanjige alimshukuru kwa macho.

Kisha alisogeza kiti mbele ya kompyuta ya Dastan. Alichofundishwa Moshi hakikuwa kingi, lakini kimoja kilimkaa. Kila faili lina tarehe mbili: ya kuzaliwa mahali lilipo, na ya kuguswa mara ya mwisho. Alilibonyeza faili la Mzee Shigela. Lilizaliwa humo Jumatano saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Liliguswa mwisho Jumanne saa kumi na dakika kumi.

"Limeguswa kabla ya kuzaliwa?" Novatus aliuliza.

"Hiyo ndiyo alama ya nakala. Linazaliwa upya kila linapohamia, lakini linabeba kovu lake la zamani. Dastan amesema kweli kuhusu saa." Aliinuka. "Sasa twende kwa mama yake."

Chumba cha nyuma kilikuwa na joto la tanuri. Seva ilikuwa inagonga kweli, ko-ko, inapumzika, ko. Ng'washi alilitafuta faili lile lile kwenye folda ya Shigela, akaisoma tarehe, akaisoma tena, akaiandika daftarini kwa herufi kubwa. Huku lilikuwa limeguswa mwisho Alhamisi. Saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

"Jana asubuhi nani aligusa wimbo huu?"

Novatus alikuwa amesahau. Alijipiga paji la uso. Mzee alikuja mapema, akasema ubeti wa pili umempwaya, anataka kuubadilisha. Kwa kuwa Dastan alikuwa njiani kwenda Mwanza, Novatus alimrekodi mwenyewe, akaufuta ule wa zamani, akahifadhi. Dakika chache baadaye, saa tatu kasoro, umeme ukakatika, na haukurudi mpaka saa mbili za usiku. Mzee akaaga kwamba anakwenda kwake Nkoma.

Ng'washi alivaa visikilizio, akasikiliza nakala ya Dastan, halafu ya seva. Wimbo ulikuwa wa Kisukuma, lakini kwa Kiswahili ubeti wa pili wa Jumanne ulianza hivi:

*Pamba ni nyeupe, mizani nyeusi,*
*Wanunuzi wengi, salamu nyepesi.*

Na wa Alhamisi ulikuwa huu, na aliposikia mstari wa mwisho ilibidi ainame ajifanye anafunga kiatu, maana askari haruhusiwi kucheka mbele ya ushahidi:

*Ningi wa relini, huimba puani,*
*Ugoro 'mejaa, hadi mdomoni;*
*Akipiga chafya, pale stesheni,*
*Watu hukimbia, wadhani ni treni.*

Alivua visikilizio, akauliza nani hasa alimsikia Marcelo. Aliambiwa ni Milembe, mama wa dagaa kutoka Lamadi, aliyepeleka mzigo Malampaka jana na leo yuko sokoni hapa hapa. Nyanjige alitumwa kumwita, na baada ya robo saa Milembe aliingia na harufu yote ya ziwa, beseni kichwani, akidai kwanza ajue nani atalinda dagaa wake.

"Nitawalinda mimi, mayu," alisema Ng'washi. "Niambie Marcelo aliimba nini."

Milembe hakumwambia, aliimba. Alitua beseni, akaweka mkono kiunoni, akaanza. Hakujua wimbo wote. Alijua ubeti mmoja tu ambao Marcelo aliurudia mpaka treni ikaja. Ulikuwa wa ningi wa relini anayeimba puani. Alipofika kwenye chafya, hata Novatus alijisahau akacheka. Mzee Shigela pekee ndiye aliyeinamisha uso, akaikodolea macho ncha ya fimbo yake.

Ng'washi aliweka kalamu chini.

"Dastan, simama. Bwana Novatus, njoo usikilize mwenyewe." Alimchezea nakala ya Jumatano, akaisimamisha baada ya mizani nyeusi na salamu nyepesi. "Nakala haikui. Ukishaichukua, imebaki vile. Mama yake huku nyuma amebadilishwa ubeti, nakala haina habari. Marcelo aliimba ubeti ambao kompyuta ya huyu kijana haijawahi kuwa nao, na siku ulipozaliwa yeye alikuwa Mwanza anakununulia diski."

"Basi mtu mwingine ameukopi jana," Novatus alisema.

"Kwa umeme upi?"

Seva ilikatika saa tatu kasoro. Dakika zile chache baada ya kurekodi, Novatus alikuwa bado kitini mwake, na Nyanjige alikuwa mlangoni akimtafutia mzee fimbo yake. Na mchana wote, wawili hao walikuwa pale gizani wakirudisha wateja, jambo ambalo nusu ya Bariadi ingeweza kuapa.

Ng'washi alisema jambo moja lilibaki kabla hajawaachia. Faili la Alhamisi ni kielelezo. Livutwe kutoka seva hadi kompyuta ya Dastan, mbele ya macho ya wote. Dastan alibonyeza. Kwenye kioo vikatokea vile vikaratasi vidogo vinavyoruka kutoka folda moja kwenda nyingine, na mstari wa kijani ukaanza kujaa. Milembe alisema vinafanana na dagaa. Mstari ulifika nusu. Chumba cha nyuma kikalia ko-ko-ko-ko, halafu mlio mrefu kama wa mlango wa ghala, halafu kimya. Vikaratasi vikasimama hewani. Mashine ikaandika kwamba haimwoni tena aliyekuwa akiipelekea faili.

Diski ilikuwa imekufa.

Novatus alikimbilia nyuma, akazima, akawasha, akaipiga kofi, akaiombea. Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu aliyezika. Matangazo ya kampuni zote, kwaya, harusi, nyimbo za msimu mzima.

"Mia mbili na kumi na tano," alisema Dastan polepole. "Ziko hapa, bosi. Zote mpaka Jumatano."

Novatus alimtazama, akatazama kompyuta, akatazama maandishi yake mekundu mlangoni. Kisha alifanya kitu ambacho Nyanjige alikisimulia miezi mingi baadaye: alichukua kisu, akaenda mlangoni, akaanza kukwangua rangi. Dastan alikwishafungua boksi la diski mpya na kuinama nyuma ya seva na bisibisi.

Ng'washi alimgeukia mzee. "Baba, kitu pekee kilichopotea ni ubeti wako wa Alhamisi. Nauhitaji kwa jalada. Tafadhali niimbie."

Mzee Shigela alijivuta, akasema hilo haliwezekani. Ningi haimbi wimbo wa mashindano kabla ya siku yake, hata kwa serikali. Ni mwiko.

"Ni kweli," alisema Ng'washi. "Twende nje kidogo, tupunge upepo."

Nje lori la pamba lilikuwa limeegeshwa, marobota yamefika mawinguni. Walisimama kwenye kivuli chake. Ng'washi alimwomba ugoro. Mzee alishangaa, lakini mtu hanyimwi ugoro; alitoa kifurushi. Ng'washi hakuvuta. Alilitazama lile ganda la mgomba.

"Bariadi ugoro unafungwa kwa karatasi ya daftari," alisema. "Nkoma hakuna mgomba hata wa dawa. Mimi nimesoma Malampaka, baba. Marcelo hutengeneza ugoro wake mwenyewe, na huufunga kwa maganda anayookota stesheni, kwenye mizigo ya ndizi. Na huu bado una unyevu. Haujamaliza siku mbili."

Mzee alichukua kifurushi chake, akakitia mfukoni.

"Halafu nikajiuliza. Mgalu akiiba wimbo wa Wagika, angeuimba ubeti unaomtukana yeye mwenyewe, mbele ya stesheni nzima, huku akifurahi? Mwizi angeuficha. Anayeimba hivyo ni mtu aliyetaniwa na rafiki yake."

Mzee Shigela alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaanza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabegani, mpaka fimbo ikamdondoka.

Alisimulia kwa kunong'ona. Mwaka wa thelathini huu. Tangu wakiwa vijana, kila msimu, kabla ya mashindano, yeye na Marcelo hukutana kwa siri nyuma ya stoo ya stesheni, na kila mmoja humwimbia mwenzake wimbo wake. Hakuna Mgika wala Mgalu anayejua. Wakijua watamvua shanga zake za uningi na kumkabidhi ngoma mtu mwingine.

"Sasa nimwimbie nani, ng'wanawane? Watu wangu watanipigia makofi hata nikikohoa. Marcelo ndiye pekee anayeniambia huu mbovu. Jumatano usiku sikulala, ubeti wa pili umelegea. Nikaubadilisha, nikapanda gari la Maswa, nikafika kwake saa saba. Alipousikia alilala chini akicheka. Nikajua umeshiba." Alifuta machozi. "Sikujua hataweza kuufunga mdomoni."

"Na Dastan?"

Mzee aliokota fimbo taratibu. Alisema asubuhi walipomwambia wimbo umevuja, aliogopa. Kijana alipotajwa, alinyamaza. Lakini hakuwa na nia mbaya. Alipanga Jumatatu, ngoma ikishapita, amsamehe.

"Umsamehe kosa lako?"

Upepo ulipeperusha nyuzi za pamba kutoka kwenye robota, zikatua kwenye kofia ya mzee. Aliziacha. Aliuliza jalada litaandikwa nini.

Ng'washi alijibu kwamba sheria inalinda wimbo wa mtu usichukuliwe na mwingine. Haisemi lolote kuhusu mtu aliyejiibia mwenyewe. Jalada litaandikwa kwamba hakuna kosa. Stesheni na stoo hazimhusu. Lakini jina la Dastan lilichafuliwa hadharani, kwa hiyo lisafishwe hadharani, kabla ya ngoma kupigwa, kama mzee mwenyewe alivyotaka. Namna gani, hilo alimwachia ningi.

"Nina siku moja tu ya kutunga," mzee alisema.

"Wengine hawana hata diski."

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya malori ya pamba. Wagika upande wa mashariki, Wagalu magharibi, njuga miguuni, vumbi likisubiri. Ng'washi alikuja bila sare. Babu yake alikuwa Mgalu wa kutupwa, kwa hiyo alisimama magharibi, kwa heshima ya marehemu. Dastan alikuwa katikati na kinasa sauti chake shingoni. Elina alikuwa upande wa baba yake, amefunga kanga kifuani, hamtazami mtu ila Dastan.

Kabla ngoma hazijapigwa, Mzee Shigela aliinua fimbo. Wagika wakanyamaza. Akaimba peke yake, polepole, kila neno likisikika hadi kwenye malori:

*Nakala ni jiwe, halioti jani,*
*Wimbo ndio mti, mizizi kooni;*
*Mwizi wa maneno, si mkwe nyumbani,*
*Ni ulimi wangu, haukai ndani.*

Watu wake walitazamana, wakadhani mzee anajisifu kwa mafumbo kama kawaida yake, wakashangilia. Walichoelewa ni mstari wa tatu, na huo ulitosha. Mtu mmoja alipaza sauti kumuuliza Dastan ng'ombe wataondoka kwao saa ngapi. Elina alicheka akiwa ameangalia chini. Novatus, aliyekuwa amesimama na Nyanjige karibu na ngoma, alijifanya vumbi limemwingia jichoni.

Kisha ngoma zikapigwa, zote mbili, na ardhi ikaanza kuruka. Kwa muda mrefu uwanja ulikuwa sawa. Watu walikwenda huku, wakarudi kule. Shigela alifika kwenye ubeti wa pili, ule ambao sasa haukuwa kwenye mashine yoyote duniani. Aliuimba wa ningi wa relini, akiuvuta kila mstari kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Ng'ambo ya vumbi, Marcelo alikuwa ameinua mkono kuongoza watu wake. Ng'washi alimwona akijikaza. Alimwona midomo ikimcheza. Alimwona akigeuza uso, akibana pua kwa vidole viwili.

Haikusaidia. Marcelo alipiga chafya, kubwa, ndefu, yenye mkia, katikati kabisa ya mdundo.

Upande wote wa magharibi ulikimbia kwenda mashariki, ukicheka, vumbi likapanda juu ya malori, na mbele ya wote, viatu mkononi, alikuwa anakimbia Sajini Ng'washi.